Nguzo iliyopanda

Aprili 2018, masika yakiwa yamenyesha Nairobi kwa wiki kadhaa mfululizo, behewa la pili la treni yetu ndogo ya mfano ya bustani liliacha reli katikati ya daraja tulilolimaliza Februari. Treni ilikuwa inakwenda polepole. Injini ilivuka, ndoano ikachomoka kwenye kitanzi chake, magurudumu ya behewa yakapanda juu ya reli na kunaswa na reli za ulinzi zile za ndani. Bila hizo lingeanguka sentimita 45 hadi mtaroni, na hakuna daraja la bustani linalofaa kujengwa bila hizo.

Njia ilikuwa ya upana wa mm 45. Kwa kipimo cha 1:22.5, yaani kila kitu kikipunguzwa mara 22.5, huo ndio upana wa reli ya mita moja, ile iliyofika Nairobi mwaka 1899, ndiyo maana daraja tulilichora kwa mfano wa madaraja ya chuma ya Mau: mguu mmoja wa kati wenye nguzo nne zilizoinama kidogo, na vipande viwili vya mita 1.2 vilivyolazwa juu yake bila kuunganishwa. Kila kipande kilikuwa na vyuma viwili vya pembe vya mm 25 kwa 25, unene mm 3, vilivyochomelewa na fundi wa Kamukunji. Alivishika kwanza kwa nukta ndogondogo, kisha akachomelea akibadilisha pande, kwa sababu ukimaliza upande mmoja wote, chuma kikipoa huvutwa na kupinda.

Uzito wa kuhesabu si wa treni. Injini ya kilo 5 hukipinda kipande hicho kama nusu milimita tu. Tulihesabu mtoto wa kilo 30 akikalia katikati: milimita 3 na nusu hivi, kisha kinarudi. Reli za shaba ya manjano tulizifunga upande mmoja pekee. Upande wa pili zinateleza, kwani jua likipandisha joto lake kwa nyuzi 40, mita 2.4 za shaba hiyo hurefuka karibu mm 1.8, na chuma kilicho chini hurefuka mm 1.2 hivi.

Kwa hiyo siku ile sote tulishuku chuma. Tukavuta uzi toka mwanzo hadi mwisho wa kila kipande: vimenyooka kabisa. Uzi wa daraja zima ndio uliosema, maana katikati ulikuwa unagusa. Fundi akaweka pimamaji kila upande, akapima, akainuka.

"Mzee, hii haijazama. Imepanda."

Milimita 14. Bustani iko South C, kwenye udongo mweusi. Nyufa za Februari kando ya msingi, zilizokuwa zinameza kidole kizima, zilikuwa zimejifunga na matope yameibana zege pande zote. Udongo huo ukinywa maji huvimba, na msingi wetu ulikuwa wa kina cha sentimita 25 tu, mwepesi kuliko nguvu iliyokuwa chini yake. Ncha za daraja hazikusogea kwa sababu zilikaa juu ya msingi wa ukuta wa zamani, uliofika kwenye murram, tabaka gumu lililo chini ya udongo mweusi. Ndipo pakatokea nundu, mteremko wa njia ukibadilika ghafla kwa zaidi ya asilimia 2, na ndoano za aina ile haziwezi kuvumilia nundu.

Kusaga zege juu kungetuponya hadi kiangazi, nguzo ishuke tena na kuacha shimo. Tulingoja mvua zikatike, tukang'oa msingi wote na kuchimba hadi murram, mita 1.1. Chini tulipanua shimo, tukasimamisha bomba la plastiki la inchi 6 na kumwaga zege ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), likiwa limezungushiwa nailoni mara mbili ili udongo uteleze kando bila kulishika. Tuliinywesha maji siku saba.

Juu yake tuliacha bolti nne za M12 zenye nati chini na juu ya bamba la mguu. Mzunguko mmoja wa nati huinua au kushusha mguu mm 1.75. Vuli ilipofika tulipima kila Jumamosi, na spana ilibaki mfukoni hadi Desemba.