Nilivyotengeneza TpPa-1 bila mtambo wa kuondoa hewa

TpPa-1 ni kiunzi chenye vitundu vidogo sana, kinachojengwa kwa kuunganisha molekuli za amini na za aldehidi. Kwa kawaida hupikwa ndani ya bomba la kioo lililotolewa hewa na kuzibwa kwa moto, kisha hukaa kwenye nyuzi 120 kwa siku tatu. Maabara yetu haikuwa na mtambo huo. Nikageukia njia iliyochapishwa mwaka 2017 na kikundi cha Rahul Banerjee wa India, inayotaka kinu, mchi, maji kidogo na oveni.

Kazi yote imebebwa na asidi ya paratoluini-salfoniki. Niliisaga kwanza na para-fenilenidiamini, ndiyo amini yetu (vaa glavu na ukae chini ya feni ya kutoa hewa, vumbi lake si la kuchezea). Asidi huipa amini protoni, na hapo hutokea chumvi yenye tabaka zilizoshikana kwa bondi za hidrojeni. Bondi hizo huibana amini, ikawa inatoka kidogo kidogo, na fuwele zikapata nafasi ya kujipanga. Asidi hiyohiyo ndiyo kichocheo: chini yake amini na aldehidi huungana na kuachana upesi, mpaka kila kipande kikae panapostahili.

Kisha nikaongeza aldehidi, moli 2 kwa kila moli 3 za amini. Unga ukageuka manjano, ukaiva kuwa wa chungwa. Kwa matone machache ya maji ukashikana kama udongo wa mfinyanzi. Dakika moja kwenye nyuzi 170, ukatoka mwekundu uliokoza. Nikauosha kwa maji ya moto hadi karatasi ya litmasi ya buluu ikaacha kugeuka nyekundu, halafu kwa asetoni.

Nilipouloweka usiku kucha kwenye asidi ya hidrokloriki haukuyeyuka, na nilifurahi mno. Sababu yake naipenda: baada ya kuungana, hidrojeni ya kundi la OH la aldehidi huhamia kwenye nitrojeni, kisha hubaki imevutwa na oksijeni ya jirani. Maji hayapati tena pa kuvunjia. Nilipoupiga eksirei kuona kama fuwele zimejipanga, kilele cha mionzi kilisimama karibu na pembe ya nyuzi 4.7, panapotakiwa.

Sasa nimepachika paladiamu, metali ya kuchochea mmenyuko, kwenye vitundu vyake ili iunganishe kaboni na kaboni. Kila mara nachuja sehemu ya mchanganyiko ukiwa bado wa moto. Mmenyuko ukisimama kwenye kimiminika kilichochujwa, ni dalili nzuri kwamba paladiamu haijavuja.