Jinsi nilivyoacha kuifukuza mipira ya nje

Kwa muda mrefu katika besiboli nilikuwa nikipiga hewa kila mpira wa kupinda ulipodondoka nje ya eneo halali, yaani lile ambalo mrushaji anatakiwa kuupitishia mpira, nami nikaamini kwamba kasoro ilikuwa machoni. Nilichukua gongo la kupigia lililo jepesi zaidi, kisha nikajilazimisha kungoja, nikaishia kuitazama mipira mizuri ikipita.

Video ya mwendo wa polepole ndiyo iliyonionyesha chanzo: mguu wangu wa mbele ulikuwa ukichelewa kutua, huku mikono ikienda mbali na bega, hivyo gongo likazunguka njia ndefu. Mpira wa besiboli wa kilomita 145 kwa saa hufika kwa takriban sekunde 0.4, na mwenye njia ndefu hulazimika kuamua kabla hajaona unapindia wapi.

Kwanza niliirudisha mikono karibu na bega la nyuma. Kisha nikaanza kunyanyua mguu mapema, mrushaji akiwa bado anajikunja, na kuutua taratibu kwa vidole, kisigino kikiwa juu. Kisigino hicho (nilikipuuza miezi mizima!) ndicho kilicholeta tofauti, kwa kuwa kikishuka kiuno hufunguka na gongo huwa limeshaondoka, lakini kikibaki juu bado naweza kughairi.