Plaketi za Papa

Karatasi ya maabara ilionyesha damu ya Papa, baba yangu, haina shida. Plaketi, zile chembe zinazoziba jeraha, zilikuwa 240,000 kwa mikrolita, na kawaida ni kati ya 150,000 na 400,000. Wakati huo nilikuwa nasomea kazi ya maabara hapa Bukavu. Lakini Papa hakuweza tena kupanda kutoka soko la Kadutu bila kusimama njiani. Shavu la mguu wa kulia lilimbana, anasimama, maumivu yanaisha. Akitembea tena yanarudi baada ya umbali uleule. Majirani walisema ni uzee. Sikukubali. Uzee gani unaochagua mguu mmoja?

Daktari alimvua soksi, akaweka vidole viwili upande wa juu wa wayo na kutafuta mapigo kwa muda mrefu. Ngozi pale ilikuwa inang'aa, vinyweleo vimekwisha. Akapima presha ya mkono, kisha ya kifundo cha mguu. Ya kifundo ukiigawa kwa ya mkono, jibu likiwa chini ya 0.9 mshipa wa damu wa mguu umeziba kiasi. La Papa lilikuwa 0.6.

"Mzee, unavuta sigara?"

"Bado kidogo, Daktari."

"Hata hizo kidogo, ziache leo."

Nikamwonyesha daktari ile karatasi ya maabara. Akasema idadi haionyeshi plaketi zinaishi muda gani. Pita kituo cha motari asubuhi, utakuta pikipiki kumi; rudi jioni, kumi vilevile, na hakuna hata moja ya asubuhi. Plaketi huishi siku 7 hadi 10. Zikipita penye ukuta wa mshipa uliochubuka, hunata, hushikana, huisha kabla ya siku zao, na uboho unatoa nyingine haraka kufidia. Miaka ya 1970 watafiti walizitia alama ya kromiamu yenye mionzi, wakazirudisha mwilini na kufuatilia zilivyopungua: kwa wagonjwa wengi wa mishipa zilitoweka mapema. Niliitazama tena ile 240,000. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kuisoma hivyo, na hadi leo naona ni pengo kubwa.

Aspirini Papa alikuwa nayo tayari, miligramu 100, ila aliinywa siku mguu ukiuma tu. Kwake ilikuwa dawa ya maumivu.

"Hii si ya maumivu, Mzee," daktari akamwambia. "Inazuia plaketi zisishikane na kufanya bonge la damu. Plaketi iliyoguswa na dawa haijirekebishi, inabaki hivyo mpaka ife. Lakini kila siku karibu moja katika kumi ni mpya, haijaonja dawa."

"Kwa hiyo nikiacha siku tatu?"

"Karibu theluthi ziko huru. Na mshipa wako ni mbovu uleule."

Papa akanigeukia. "Mama, umesikia?" Nilikuwa nimesikia, ila yeye ndiye aliyeshika zaidi. Jino lilipomsumbua baadaye, kabla hajakaa kwenye kiti alimwambia daktari wa meno: "Nakunywa aspirini kila siku, na sitaiacha mpaka daktari wangu aseme." Liling'olewa hivyo hivyo. Aliuma pamba kwa muda mrefu kuliko wenzake, damu ikakata, na jioni akanywa kidonge chake baada ya kula.