320 ya Uongo: Kilichomo Ndani ya Flashi ya Mtaani

Nyimbo nyingi zinazojazwa kwenye flashi huku Nairobi, kuanzia vibanda vya River Road hadi meza za Githurai, zimeandikwa "320", yaani kilobiti 320 kwa sekunde (kbps), kiwango cha juu cha MP3, na wala si 320. Mnunuzi alijue hilo kabla hatujafika kwa sheria. Uharamia wa muziki ulishaondoka kwenye kaseti na CD za kuchoma. Siku hizi kazi hufanywa na vigeuzi vya mtandaoni vinavyonyofoa sauti kwenye video ya YouTube na kuitema kama MP3. YouTube yenyewe huhifadhi sauti hiyo kwa miundo mingine ya kukandamiza: AAC ya takriban kbps 128, au Opus inayokaribia kbps 160. Kigeuzi huichukua ikiwa tayari imekandamizwa, huikandamiza mara ya pili, kisha hukuandikia namba yoyote uliyoichagua. Ukichagua 320 unapewa faili nene, lakini kilichokwisha kukatwa hakirudi.

Hesabu ni rahisi. MP3 ya kbps 128 hula karibu KB 960 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 4 ni MB 3.8 hivi. Kwa kbps 320 wimbo huohuo unafika MB 9.6. Flashi ya GB 32 ambayo ingebeba nyimbo zaidi ya 8,000 inajaa zikifika 3,300 tu, na masikio hayajapata chochote cha ziada.

Kupima, shusha programu ya bure iitwayo Spek kwenye kompyuta, kisha buruta wimbo uuingize ndani. Itakuchorea masafa ya sauti kwa rangi. 320 iliyotoka studioni huonyesha rangi zikipanda hadi karibu kHz 20. Ile ya uongo mara nyingi ina ukuta ulionyooka kama umepigwa rula karibu na kHz 16, na juu yake giza tupu. Usikimbilie kuhukumu nyimbo za zamani, lakini. Benga ya miaka ya 1970 iliyonakiliwa kutoka santuri au kaseti mara nyingi haina mengi huko juu hata ikiwa safi. Tofauti ni kwamba yake hufifia polepole, haikatiki ghafla.

Na kama unasikiliza kwa kile kidude cha FM kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari, usijisumbue na 320 hata kidogo. Matangazo ya FM yenyewe huishia kHz 15. Tafuta waya wa AUX kwanza, ndipo tubishane kuhusu ubora.

Flashi nayo ina uongo wake. Zile za bei ya kutupa pale Luthuli Avenue, zilizoandikwa GB 128 au hata TB 2, huwa na kidhibiti kilichopangwa kudanganya kompyuta. Ndani kuna GB 8 au 16. Ukipita kiasi hicho, data mpya huandikwa juu ya ya zamani au hupotea, ingawa majina ya faili yote yanaonekana. Dalili yake ni nyimbo za mwanzo kucheza vizuri huku za baadaye zikiruka au kukwaruza. Dawa ni kuijaza yote na kuisoma upya kabla hujaitegemea: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Flashi ya GB 32 inayoandika MB 8 kwa sekunde itachukua zaidi ya saa moja kuandika tu, kwa hiyo ianzishe ukaendelee na shughuli nyingine. Muuzaji asiyekubali kurudishiwa flashi iliyoshindwa kipimo hicho, mwache na mali yake.

Redio nyingi za gari na za matatu husoma flashi yenye mpangilio wa faili uitwao FAT32 pekee. Flashi ikiwa na mpangilio wa NTFS au exFAT, redio itasema "No device" na fundi atakutoza pesa bila sababu. Windows nyingi hukataa kuandaa FAT32 kwa flashi inayozidi GB 32. Tumia programu ya Rufus, au nunua tu ya GB 32 uondokane na maneno. Kumbuka pia FAT32 haikubali faili moja ya kufikia GB 4, jambo linalowakwaza wenye miksi ndefu za video. Kuhusu mpangilio, redio nyingi za bei nafuu huzifuata nyimbo kwa jinsi zilivyoandikwa kwenye jedwali la flashi, si kwa alfabeti, ndiyo maana wimbo namba 01 unaweza kucheza wa arobaini. FATSort hulipanga upya jedwali hilo. Sauti zikipishana, wimbo huu ukinong'ona na unaofuata ukipasua spika, MP3Gain husawazisha kwa hatua za dB 1.5 bila kukandamiza upya. Kiwango chake cha kuanzia ni dB 89, na hapo panatosha.

Sasa tufike kwenye kinachoniudhi zaidi ya sauti mbovu. Faili iliyonyofolewa YouTube haina jina la mtunzi. Haina prodyuza, haina mwaka, haina ISRC, ile namba ya herufi na tarakimu 12 inayotambulisha rekodi moja pekee duniani. Badala yake kuna "Official Video HD" na anwani ya tovuti iliyoiba. Faili hiyo inahama kutoka flashi hadi flashi, inafika kwa DJ, kutoka kwa DJ inafika kwenye kituo cha redio au klabu. Siku ya kuandika orodha ya nyimbo zilizochezwa, ambayo ndiyo msingi wa kugawa mirabaha, mwandikaji hana la kuandika ila kile kilichoko kwenye kioo. Wizi wa nakala moja ni hasara ya shilingi chache. Jina likishafutika, wimbo unaweza kuchezwa miaka kumi na aliyeutunga asiwemo kwenye orodha hata mara moja. Kwa maoni yangu hasara kubwa iko hapo, na msako wa polisi kwenye vibanda hauigusi.

Kurekebisha majina, tumia Mp3tag au MusicBrainz Picard. Picard husikiliza alama ya sauti na kujaribu kuutambua wimbo, ila hifadhidata yake inajazwa na watu wa kujitolea na muziki mwingi wa kwetu haumo. Utaandika kwa mkono. Jaza angalau msanii, jina la wimbo, mtunzi, mwaka na ISRC. DJ akifanya hivyo kwa nyimbo mia anazozicheza sana, amewafaa wanamuziki kuliko mabango yote ya "Sema La kwa Uharamia".

Flashi halali inawezekana, na si ghali kama wengi wanavyodhani. Mdundo, huduma ya muziki iliyoanzia hapahapa Nairobi, inatoa MP3 za bure zenye tangazo, na mwenye wimbo hupata mgawo. Bandcamp huuza faili zisizofungwa, MP3 ya 320 halisi au FLAC isiyopoteza sauti yoyote, na kadi ya kidijitali ya M-PESA GlobalPay inaweza kulipia mtandaoni kama Visa nyingine. Njia ninayoipenda zaidi ni kumlipa mwanamuziki moja kwa moja kwa M-Pesa, naye akutumie faili kwa WhatsApp. Mwambie aitume kama hati. Ndipo itafika ilivyotoka kwake, pamoja na maelezo yake yote.

Kulipia Spotify, iliyofika Kenya Februari 2021, ni jambo jema, mradi ujue umekodi tu. Ulivyopakua humo vimefungwa. Haviwezi kuhamia kwenye flashi, na usipoingia mtandaoni kwa siku 30 havichezi. Kwa upande wa bando, kbps 96 hula kama MB 43 kwa saa, na kbps 160 kama MB 72. Kinyozi anayecheza video za YouTube kutwa nzima huku kioo kikiangalia ukuta anachoma bando mara kadhaa ya hiyo bila sababu.

Kinyozi huyohuyo, na mwenye saluni, hoteli au matatu, anakosea jambo jingine. Anadhani akilipia Spotify amemaliza. Masharti ya huduma hizo yanaruhusu matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Muziki unaosikika kwa wateja unahitaji leseni ya kuchezea hadhira. Kwa miaka mingi mashirika yaliyohusika nayo ni MCSK kwa watunzi, KAMP kwa prodyuza na PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Kabla ya kumpa mtu yeyote pesa, thibitisha kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kwamba shirika lake lina leseni ya mwaka huo. Si suala la kinadharia: mwaka 2017 KECOBO iliinyima MCSK leseni na kuipa MPAKE, shirika jingine, na wenye biashara wakabaki hawajui wamlipe nani. Dai ankara yenye jina la biashara yako, lipa kwa namba rasmi, na risiti ibandike ukutani. Anayetaka pesa taslimu mlangoni mwambie arudi na karatasi.

Kwa mwanamuziki, ulinzi unaanza kabla ya wimbo kutoka. Hakimiliki ni yako pindi kazi inaporekodiwa. Cheti cha KECOBO hakikupi haki bali ushahidi, na ushahidi ndio utakaotafuta siku ya ugomvi. Kaeni studioni mwandike nani ana asilimia ngapi ya utunzi na nani ana rekodi, kila mtu atie sahihi kabla ya prodyuza kukabidhi faili. Msambazaji, yaani kampuni inayoupeleka wimbo kwenye Spotify na wenzake, atakupa ISRC. Isikushtue ikianza na QZ badala ya KE, herufi hizo hazibadilishi umiliki. Ukitoa wimbo kwa msambazaji mwingine baadaye, beba namba ileile, la sivyo hesabu ya usikilizwaji itagawanyika.

Kisha kuna balaa la biti za kukodi. Kijana ananunua biti ambayo wengine hamsini wamenunua, anaimba juu yake, anapakia kupitia msambazaji na kuweka alama ya kukubali Content ID. Mfumo huo wa YouTube, ulioanza 2007, unalinganisha alama za sauti bila kujua mikataba. Mfumo ukiisikia biti ileile kwa mwimbaji mwingine, unapeleka mapato ya huyo mwingine kwa huyu wa kwanza. Kanuni iko wazi: Content ID ni ya anayemiliki sauti yote peke yake. Biti ya kukodi haifai kuingizwa humo. Ukidaiwa kimakosa, pinga ukiambatisha leseni ya biti yako. Mdai ana siku 30 za kujibu. Dai la Content ID si sawa na onyo la hakimiliki. Dai kwa kawaida hugusa pesa za video, ilhali maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli nzima.

Mapato ya Skiza, ule wimbo anaousikia anayekupigia simu, nayo yaliingizwa kwenye sheria mwaka 2022: asilimia isiyopungua 52 kwa msanii au mwenye haki, isiyozidi 39.5 kwa kampuni ya simu, na isiyozidi 8.5 kwa mtoa huduma wa kati. Ukisaini na wakala, soma mkataba uone asilimia yake inakatwa kutoka fungu gani. Wengi hutaja 52 na kusahau kwamba wakala naye anaweza kula kutoka humohumo.

Wimbo wako ukiwa umewekwa kwenye tovuti ya wizi, achana na kulalamika Facebook. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2019 yaliweka kifungu cha 35B kuhusu ilani ya kuondoa. Ilani iwe ya maandishi, na jina lako kamili, anwani na sahihi; ieleze kazi iliyokiukwa na mahali ilipo; iambatane na hati ya kiapo ya umiliki inayoonyesha pia juhudi ulizofanya kumtaka aliyeweka aondoe; na nakala ziende KECOBO, Mamlaka ya Mawasiliano na chama cha kitaifa cha watoa huduma wa intaneti. Mtoa huduma wa intaneti ana saa 48 za kazi kuiondoa, isipokuwa apokee pingamizi halali.

Ilani nyingi hukwama kwa sababu moja: mtu anaandika anwani ya tovuti nzima badala ya ukurasa wenye wimbo. Nakili kila anwani ilivyo, moja kwa kila mstari, na piga picha ya kioo yenye tarehe. Seva ikiwa nje, kama ilivyo kwa nyingi, mtoa huduma wa Kenya hawezi kufuta faili iliyoko Amsterdam. Tumia WHOIS, daftari la wazi la wenye anwani za mtandao, kujua nani anaikaribisha, umwandikie yeye, kisha peleka anwani zilezile kwenye fomu ya Google ya kuondoa matokeo ya utafutaji chini ya sheria ya Marekani ya DMCA ya 1998. Faili inaweza kubaki ilipo, ila anayeandika jina lako na neno "mp3" hataletewa ukurasa huo tena. Rudia utafutaji baada ya wiki, maana tovuti hizi hubadilisha kikoa na kuipandisha orodha ileile upya, na ilani ya zamani haifuati anwani mpya.