Jiwe la Mlangoni

Bibi alikuwa na jiwe la kuzuilia mlango. Lilikuwa jeusi, laini kama sabuni iliyokwisha kutumika, ukubwa wake papai dogo, na alikuwa amelitoa mwenyewe ufukweni mwa ziwa enzi za ujana wake. Nyumba yetu kule Kiziba, kaskazini ya Bukoba, ilipigwa na upepo mchana kutwa. Bila lile jiwe mlango wa mbele ulijibamiza mpaka vikombe vikalia kabatini. Nalieleza hivi kwa sababu mwaka 1994, nikiwa na miaka kumi na mitatu, nililiuza.

Mwaka huo nilikuwa darasa la kipaimara. Mwinjilisti alitufundisha kila Jumamosi kwa Katekisimo Ndogo ya Luther, na swali alilolipenda kuliko yote lilikuwa, "Utakatifu ni nini?" Jibu: ni kutengwa kwa ajili ya Mungu. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyooka. Kutengwa nilikuelewa vizuri, kwani kabatini kwa Bibi kilikuwemo kikombe cheupe chenye maua ya bluu ambacho hakikunywewa na mtu ila mchungaji akija kututembelea. Kwangu mimi utakatifu ulikuwa kikombe kile: kisafi, kiko juu, hakiguswi, na ukitazama sana, hakina kazi. Amri ya saba nayo niliijua kwa moyo pamoja na maelezo yake, kwamba tusichukue mali ya jirani wala kujipatia kwa bidhaa mbovu au biashara ya hila. Nilikuwa naitiririsha bila kumeza mate.

Kahawa yetu ilikuwa robusta, imepandwa kibanjani chini ya migomba. Tukiichuma tunaianika uani juu ya majamvi mpaka ikauke na kulia kama njuga, kisha tunaiuza na maganda yake kwenye chama cha ushirika pale kijijini. Bibi aliniahidi kwamba gunia likipita kilo 60, cha juu ni changu. Alijua anachofanya: alitaka nikiona wingu nikimbie kuanua bila kuitwa.

Aliyenifundisha mengine ni mtoto wa mjomba, aliyekuwa na baiskeli na miaka kumi na minane. Alisema chamani hakuna anayepeleka kahawa tupu. Huyu ananyunyizia maji, yule anachanganya mchanga, na wote wana haki, kwa sababu mizani ya pale inakula. Hilo la mizani lilikuwa kweli na kila mtu alilijua. Kila gunia lilipoteza kilo moja au mbili kati ya nyumbani na ndoano. Kwa hiyo, alisema, huo si wizi, ni kurudishiana. Mimi, bingwa wa amri ya saba, niliyaona maelezo hayo yanatosha. Tukalitumbukiza jiwe katikati ya gunia, tukashona. Karani akasoma kilo 64, akaandika, akalipa. Fedha za Bibi nilimpelekea zote mpaka senti ya mwisho. Zangu zikawa kandambili mpya na maandazi.

Jioni mlango ukaanza kujibamiza.

"Jiwe liko wapi?" Bibi aliuliza. Nikasema sijui. Kesho yake akauliza tena. Siku ya tatu hakuuliza, aliweka kinu mlangoni, na kila aliyeingia akajikwaa.

Inanibidi kusema Bibi alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mlokole. Siku hizi nikisikia watu wanabishana kuhusu utakatifu, aghalabu ni wigi, suruali na hereni. Kurasa na kurasa za maandiko kuhusu nywele za mwanamke. Bibi hakuvaa wigi wala hereni, ila sikumbuki hata siku moja aliyotumia kinywa chake kuzungumzia kichwa cha mtu mwingine. Walokole wa kwao walikuwa na shughuli nyingine. Moto wao wa uamsho, kama walivyouita, uliwaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, baada ya Simeoni Nsibambi wa Kampala na daktari Mwingereza Joe Church kukutana Namirembe mwaka 1929. Kabla ya muongo ule kwisha ulikuwa umeshafika Bukoba. Bibi akiwa msichana aliona watu wazima wakisimama mbele za watu na kutaja dhambi zao kwa majina, kisha kesho yake wakionekana njiani wamebeba vitu: jembe la fulani, kuku wa fulani. Walirudisha. Waliitana ndugu, cheo hakikuwa na nafasi. Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa Rais wa Fungamano la Walutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, alikuwa mmoja wao, na Bibi alimtaja kama "Ndugu Josia" kana kwamba ni mtu wa nyumba ya pili.

Ushirika wao ulikutana kwetu kila Alhamisi jioni. Mwaka 1994 haukuwa mwaka wa kawaida. Tangu Aprili, mauaji ya kimbari yalipoanza Rwanda, mto Kagera ulikuwa unashusha maiti kutoka huko kuzipeleka ziwani. Watu waliacha kula samaki. Mama wauza sangara walikaa na ungo zao sokoni bila hata nzi wa kuwapepea. Mwishoni mwa mwezi ule ule watu zaidi ya 200,000 walivuka mpaka pale Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na kati yao walikuwemo waliokuwa wameua. Ndugu mmoja wa ushirika alikwenda huko kusaidia kwenye kambi ya wakimbizi ya Benaco, na Alhamisi moja ya Agosti alirudi kutueleza.

Nilikuwa nimekaa jikoni, mlango wazi, nasikia yote. Hakueleza sana. Alisema jioni kule kambini aliusikia ule wimbo wao wa Kiganda, wimbo wa walokole, unatoka kwenye mahema ya maturubai, akaenda akaimba nao, akalia nao. Kisha akanyamaza kidogo.

"Nimeimba nao," alisema. "Sijui niliimba na nani."

Hakuna aliyemjibu. Moto ule ulianzia kwao, na wote pale sebuleni walilijua hilo. Mzee mmoja aliuliza, taratibu kama anajiuliza mwenyewe, "Ndugu zangu, tulipoteleza ni wapi?" Nilidhani sasa watamwombea yule ndugu, au wataisema Rwanda, au Shetani. Bibi akasimama. Kusimama kwake katika ushirika nilikuwa nakujua: anafunga kanga vizuri, anashika mgongo wa kiti.

"Ndugu, nataka kutembea nuruni," alisema. "Jiwe langu la mlangoni limepotea. Wiki tatu sasa namshuku jirani yangu. Nikimwona anapita nasema moyoni, huyu. Juzi aliniamkia nikaitikia kwa nusu mdomo. Kesho nitakwenda kumwomba msamaha."

Wakaimba ule wimbo, kama walivyozoea mtu akitubu. Nilikuwa nimeshika kijiti cha kuchochea moto kikaungua mpaka kikanifikia vidole. Watu wameuawa, mto umejaa, na huyu bibi analeta habari ya jiwe! Nilimwonea aibu. Aibu ile haikudumu, kwa sababu jirani yule nilimfahamu. Mama wa Kikatoliki, mjane, aliyekuwa akinipa senene kila Novemba. Kesho asubuhi Bibi angebisha hodi kwake na kumwambia, nilidhani wewe ni mwizi.

Wageni walipoondoka nikamwambia. Nilianza na mizani, jinsi inavyokula. Kisha mtoto wa mjomba. Jiwe nililiweka mwisho.

Sikupigwa. Ingekuwa nafuu. Alisema, "Mwana wange, lete kibatari." Akaniambia nifungue Mambo ya Walawi 19, nisome kwa sauti katika Biblia yangu ya Kiswahili, yeye akafuatisha kwa kidole katika yake ya Kiganda. Mwanzo wa sura nilikuwa naujua, ndio ule wa Mungu kusema mtakuwa watakatifu kwa kuwa mimi ni mtakatifu. Nikategemea yatafuata ya hekaluni: mavazi, uvumba, kikombe changu cha maua. Badala yake nikasoma habari za kumheshimu mama na baba. Nikasoma kwamba ukivuna shamba usimalize pembeni, umwachie maskini. Kwamba ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Usimtukane kiziwi. Usimwekee kipofu kwazo. Simama mbele ya mwenye mvi. Nikadhani nimekosea ukurasa. Nikarudi juu kuangalia namba ya sura, Bibi akasema, "Ni hapo hapo, endelea." Nikaendelea hadi karibu na mwisho, na pale ndipo palipokuwa na mizani. Mizani ya haki, na mawe ya kupimia ya haki.

Bibi alifunga Biblia. "Na kinu kile mlangoni," alisema, "nani kajikwaa leo?" Nikasema mzee wa ushirika. "Kesho tukitoka kwa jirani tutapita kwake."

Ya kwa jirani nitayapita. Alicheka, akasema hata hilo jiwe lenyewe hajawahi kuliona vizuri, tukapewa ndizi za kuchoma. Kwa yule mzee nako hapakuwa na neno, zaidi ya kuonyeshwa ugoko. Kazi ilikuwa chamani.

Tulifika saa nne, foleni imejaa magunia. Bibi hakupanga foleni kwa sababu, alisema, haji kuuza. Akaenda moja kwa moja dirishani akiwa na fedha za mayai zimefungwa kwenye pindo la kanga, deni ambalo mimi ningelilipa kwa kuchota maji mpaka Krismasi. Akamwamkia karani, akaeleza kwa sauti ile ile ya Alhamisi: mjukuu wangu aliweka jiwe ndani ya gunia, ulilipa kilo tatu ambazo hazikuwa kahawa, fedha hizi hapa.

Karani alitazama foleni kabla ya kumtazama Bibi.

"Mama, waitu, yameisha hayo. Gunia limeshakwenda kiwandani."

"Limekwenda na jiwe."

"Nenda nyumbani, Mama. Mtoto ni mtoto."

"Pokea, uandike."

"Niandike wapi?" Akageuza kitabu chake kikubwa kumwonyesha. Kulikuwa na safu ya jina, safu ya kilo, safu ya daraja, safu ya malipo. "Hapa kuna fedha za kutoka tu. Za kurudi hazina mahali. Nikiandika kulikuwa na jiwe nitaulizwa kwa nini sikukagua, na magunia mengine nayo niliyakaguaje."

"Basi nitakaa," Bibi akasema, na akakaa, kwenye benchi la mbao chini ya ile mizani, mkoba mapajani. Mimi nilisimama kando yake na kandambili zangu mpya, na ningetoa kitu chochote zisionekane.

Foleni ikaendelea, ila haikuwa ile ya mwanzo. Kila aliyepandisha gunia ilibidi alipandishe mbele ya uso wa Bibi. Hakusema neno. Aliamkiana nao tu, akawauliza hali za watoto. Baada ya muda mwanamume mmoja aligeuza baiskeli yake, gunia likiwa bado limefungwa, akasema amesahau kitu nyumbani. Baada ya dakika chache wa pili naye akakumbuka. Mwingine aliyekuwa nyuma, mwenye mdomo, akapaza sauti: "Na mizani nayo je, haiungami?" Watu wakaangua kicheko. Karani hakucheka. Alishughulika na kalamu yake kwa muda mrefu kuliko kalamu inavyohitaji.

Saa nane mchana, foleni imekwisha, alichomoa kitabu cha stakabadhi, akaandika kwa hasira, akachana. Bibi alinipa nimsomee. Jina lake lilikuwa sahihi. Mahali pa aina ya zao karani alikuwa ameandika "jiwe". Mahali pa uzito, kilo 3. Daraja, kistari. Fedha, zimepokelewa.

"Ndiyo," Bibi alisema. "Asante, baba." Akalipa, akapokea chenji, akaikunja stakabadhi mara nne na kuitia kwenye mkoba pamoja na Biblia.

Ningependa kusema kwamba siku ile ilibadili kitu pale chamani. Mizani haikuokoka. Iliendelea kula kama kawaida, na msimu uliofuata, baada ya wanunuzi binafsi kuruhusiwa, walikuja na mizani zao ambazo nazo zilikuwa na njaa. Mtoto wa mjomba hakusema nami mpaka mwaka mpya.

Tulikuwa tumeshafika kwenye mwarubaini wa njia panda, jua kali, tumbo langu linanguruma, Bibi aliposimama. Alifungua pindo la kanga na kuhesabu sarafu kwenye kiganja, akizisogeza moja moja kwa kidole gumba. Akahesabu tena.

"Amenizidishia shilingi kumi," alisema.

"Bibi, kumi tu!"

Alikuwa ameshageuka. Nikamfuata, kandambili zikipiga vumbi nyuma ya visigino vyake vilivyopasuka. Karani alikuwa anafunga mahesabu ya siku, kichwa chini. Akainua uso, akatuona tunakuja tena, akafunga dirisha.

Bibi akabisha hodi.