Malipo ya awali ya fundi wa paa
Mwezi wa tatu, masika yakikaribia, nilimkabidhi fundi shilingi 1,200,000 kama malipo ya awali ya kubadilisha mabati ya nyumba yetu ya Mbagala, naye akaezua upande mmoja siku hiyo hiyo, jambo lililonifanya nimwamini kupita kiasi. Kwa wiki mbili zilizofuata simu yake haikupatikana, nasi tukalala sebuleni chini ya turubai. Kosa langu, nakiri, lilikuwa kumpa fedha za vifaa pamoja na za ufundi bila hata karatasi. Kwa fundi wa pili, mbao, misumari na mabati nilinunua mwenyewe, tukaandikishana mbele ya mjumbe, na ujira wake nikaulipa kwa awamu: nusu yake wakati kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba mabati, ziliposimama, salio baada ya mvua kubwa kupita bila paa kuvuja.