Makapi ya uwele hatimaye yanapeperuka kwenye Blender

Kama unatengeneza katuni kwa Blender, programu ya kompyuta ya picha za 3D, na kitu chepesi kinaanguka kama kokoto, huenda hii ikakuokolea usiku. Nilikuwa natengeneza kipande kifupi cha mama akipepeta uwele huku Bahi, Dodoma. Punje na makapi vikitoka kwenye ungo vilitua chini kwa pamoja. Nikiwasha upepo, makapi yanazidi kuongeza kasi mpaka yanatoka nje ya picha.

Kupunguza masi ya makapi hakukusaidia kwenye kuanguka, maana mvutano wa dunia huvipa vitu vyote mchapuko uleule, mita 9.81 kwa sekunde mraba. Kupunguza mvutano wenyewe ndiyo kabisa, ikawa kama tunapepeta mwezini. Kinachotenganisha kapi na punje ni ukinzani wa hewa.

Basi nikagawa chembe (particles, yaani zile punje na makapi) kwenye mifumo miwili: punje masi 0.7, makapi 0.1. Kisha nikafungua mipangilio ya uga wa upepo (Wind), yaani nguvu inayosukuma chembe. Humo kuna kipimo kinaitwa Flow, kidogo tu, rahisi kukipita. Changu kilikuwa sifuri; nikaweka 1. Hapo upepo unaacha kusukuma bila kikomo na unakuwa hewa inayotembea: chembe hufuata mwendo wake, na inayoshuka hukinzwa. Chepesi huchelewa, nzito hupita. Ndiyo maana masi sasa ina kazi.

Mwisho nikaongeza Noise kidogo, kipimo kinachoyumbisha nguvu ya upepo, maana upepo wa Dodoma hauvumi kwa nguvu ileile muda wote. Futa kache (mwendo uliohifadhiwa tangu ulipocheza mara ya mwisho) kabla ya kucheza upya, la sivyo utaona mwendo wa zamani.